Fimbo za Koitalel hazikukusanywa, zilitekwa

Kuna kitenzi kimoja ambacho kimewasitiri wakoloni vizuri sana katika Kiswahili chetu cha magazeti na cha makavazi. Kitenzi chenyewe ni kukusanya. Utasoma kwamba ngoma fulani "ilikusanywa" pwani, au kwamba vinyago fulani "vilikusanywa" na afisa wa wilaya. Hebu tujiulize, mtu hukusanya nini? Kuni, kodi, maoni, takataka. Hukusanya kilichotawanyika, au kisicho na mwenyewe wa kukizuia. Fimbo iliyo mkononi mwa kiongozi wa watu haikusanywi.

Nataja fimbo kwa kuwa kisa chenyewe kilitokea jirani, si mbali na hapa Eldoret. Oktoba 19, 1905, Koitalel arap Samoei, Orkoiyot wa Wanandi, alikwenda kukutana na afisa wa kijeshi Richard Meinertzhagen kwa mazungumzo ya amani. Wanandi walikuwa wamewakabili Waingereza na reli yao kwa takriban miaka kumi. Meinertzhagen alimpiga Koitalel risasi akamuua papo hapo, pamoja na baadhi ya watu aliofuatana nao, kisha akaondoka na fimbo zake tatu za uongozi. Uchunguzi wa kijeshi ulimwondolea lawama, ingawa mwaka uliofuata aliondolewa Afrika Mashariki. Fimbo zilikaa Uingereza karne nzima. Zilirudi 2006 kupitia kwa mwanawe Meinertzhagen, na siku hizi ziko katika makavazi ya Koitalel Samoei, Nandi Hills.

Sasa tazama tunavyokisimulia kisa hiki. Tunaandika kwamba fimbo "zilikabidhiwa" wazee. Anayekabidhi hutoa kitu kilichokuwa chini ya mamlaka yake halali, kama mwalimu mkuu anayemkabidhi mrithi wake funguo za shule. Ng'ombe wa jirani akipatikana zizini mwako, humkabidhi jirani ng'ombe, unamrudishia. Yule mwana hakuiba kitu, na alilolifanya ni la kiungwana. Hata hivyo, uungwana wake hauifanyi mali ya Wanandi kuwa zawadi ya Mwingereza.

Neno zawadi nalo lina kesi yake. Ngadji, ngoma takatifu ya Wapokomo wa Tana River, imo British Museum tangu 1908, na anayetajwa kuwa mtoaji ni Alfred Claud Hollis, afisa yuleyule aliyeandika kitabu kuhusu lugha na ngano za Wanandi kikachapishwa 1909. Wapokomo walionyang'anywa ngoma wanageuka wasiokuwepo, eti Hollis ndiye aliyetoa.

Msomaji anaweza kuniambia haya ni mambo ya maneno tu, Profesa, tuachie. La. Meinertzhagen mwenyewe ametuachia ushahidi bora kuhusu madhara ya kibandiko cha uongo. Alisifika pia kama mtaalamu wa ndege. Baada ya kufa kwake 1967, ilibainika kwamba ndege wengi waliokaushwa aliowapa makavazi ya London alikuwa amewaiba, wengine kutoka makavazi hayohayo, akabandika upya tarehe na mahali pa kubuni. Mmojawapo ni bundi wa misitu ya India. Kibandiko kilidai alipatikana Gujarat mwaka 1914, kikawapotosha waliomtafuta. Pamela Rasmussen na wenzake walipoupuuza uongo huo na kufuata kumbukumbu za kweli za zamani, walimwona bundi huyo akiwa hai, 1997.

Ndivyo "kukusanywa" kunavyofanya kazi. Mradi wa kuorodhesha vizalia vya Kenya vilivyo ng'ambo, ulioshirikisha Makavazi ya Kitaifa na washirika wa Ujerumani, ulipata zaidi ya vitu 32,000 katika taasisi 30. Orodha kama hiyo hutegemea madaftari ya taasisi zenyewe. Daftari likihifadhi jina la mtoaji na kuacha la mnyang'anywa, anayetafuta atabisha hodi katika boma gani?

Upo mtego mwingine, neno kukopesha. Mwaka 2024 Waasante wa Ghana waliletewa dhahabu yao iliyotekwa na Waingereza, nyingi katika vita vya 1873–74. Baadhi yetu tuliandika kwamba "walikopeshwa". Aliyekopa shilingi mia hurudisha shilingi mia nyingine. Aliyeazima jembe hurudisha jembe lilelile. Waasante waliazimwa, yaani muda ukiisha vitu vilevile vinatakiwa London. Sheria ya 1963 inaibana British Museum isitoe mali yake, na neno lisilo sahihi humfanya msomaji adhani kizuizi hicho kimelegea.

Ajabu ni kwamba Kiswahili hakikupungukiwa. Tuna nyara na tuna ngawira, yote majina ya kinachotwaliwa vitani. Nyara tumewaachia majangili wa pembe za ndovu na watekaji wa watu. Ngawira imekuwa neno la kuchangamsha habari za pesa, mwanasoka akilipwa vizuri tu anaambiwa kavuna ngawira! Tukishayamaliza hivyo, tunapofika Nandi Hills hatuna la kusema isipokuwa "vifaa".

Uhaba huo unauma zaidi kuhusu Koitalel mwenyewe. Wazee wangali wanadai fuvu lake, kwani masimulizi yao yanasema kichwa kilikatwa kikapelekwa Uingereza. Sijui ni kwa Kiswahili gani mtu ataandika barua ya kuomba kichwa cha babu yake kwa kukiita "kizalia" au "kielelezo". Na tafadhali, asiitwe mganga wala Laibon, jina alilotumia Meinertzhagen katika shajara yake. Alikuwa Orkoiyot. Kiswahili kimepokea majina mengi ya watu, hili halitakivunja mgongo.

Kwa fimbo, ningependekeza kadi hii: "Fimbo tatu za Orkoiyot Koitalel arap Samoei. Richard Meinertzhagen alimuua katika mkutano wa amani, Oktoba 19, 1905, akaziteka. Mwanawe alizirudisha 2006." Mwenzangu mmoja anayefundisha historia ameniambia ni maandishi marefu mno kwa kadi. Ukiondoa tarakimu, ni maneno 18.