Bega Halihaririki: Kusoma Mavazi ya Karani Mpya wa Makueni

Mavazi ya kazi ya kwanza ni utungo mfupi wenye masharti makali, na yanastahili kusomwa kwa subira ile ile tunayoipa tarbia. Nayachukua hapa jinsi yanavyopatikana Makueni. Mwenye mavazi ni binti wa Kalamba aliyeajiriwa karani mjini Wote, makao makuu ya kaunti, ambako ugatuzi uliongeza madawati kuanzia mwaka 2013. Ana koti moja, sketi mbili, suruali moja ya kitambaa, blauzi tatu, viatu vyeusi vya kisigino kifupi, na gauni la kitenge la Ijumaa. Ukiliondoa gauni, karibu vyote vimetoka kwenye mitumba ya siku ya soko, kisha vikapita mikononi mwa fundi mwenye cherehani barazani. Vilikatwa kwa ajili ya miili mingine, katika nchi nyingine, na sanaa yake yote imo katika uhariri uliovifanya visikizane.

Koti ndilo linalotawala sarufi ya vipande vingine. Linafika likiwa limekwisha kutungwa, na fundi hulishika kama mhariri, akijua wapi matini inakubali kalamu na wapi inaikataa. Kiuno kinakubali: mshono wa katikati ya mgongo hufumuliwa, ukaingizwa ndani kidogo, na koti pana likapata mwenyewe. Mikono nayo inakubali kufupishwa kwenye kifundo cha mkono, mradi vifungo vya hapo ni vya pambo tu. Matundu yake yakiwa yametobolewa kweli, ufupishaji hauna budi kuanzia juu, kazi ambayo fundi mwenye busara huikataa hata akiongezewa pesa. Ama bega, halihaririki. Pedi, bitana, kitambaa cha kukazia na tao la mkono vimeshikamana hapo kiasi kwamba kugusa kimoja ni kuvivuruga vyote. Ndiyo maana mnunuzi anayejua kusoma hulitazama bega kabla ya rangi, kabla hata ya bei. Kisha hukifinya kifua cha koti kwa vidole viwili: tabaka zikitelezana, kuna turubai iliyoshonwa ndani, zikiwa zimegandana, huenda ziliunganishwa kwa gundi, na gundi hiyo, ikikutana na maji ya karai na pasi ya makaa, inaweza kuachia na kuinua viputo ambavyo hakuna fundi atakayevilaza tena.

Sketi na suruali zina kipengele ambacho nitakiita akiba ya mshono, yaani kile kitambaa cha ziada kinachobaki kimekunjwa upande wa ndani. Jicho la ofisini halikioni, lakini ndicho kinachoamua kama vazi lina mustakabali. Suruali iliyoachiwa akiba nene nyuma ya kiuno inaweza kupanuliwa mwenye nayo akinenepa. Iliyokatwa kwa ubahili imeshatamka neno lake la mwisho.

Mhakiki aliyeketi Nairobi angekomea hapo, naye angekuwa amemsahau msomaji mmoja kati ya wawili. Mavazi haya husomwa ofisini, lakini kabla ya hapo yamesomwa na njia. Sketi ya kubana yenye mpasuo mfupi ni sentensi nadhifu mbele ya dawati. Juu ya bodaboda inavunjika. Suluhisho analolitumia karani wetu ni la kimuundo: leso hufungwa juu ya sketi safarini, raba huvaliwa miguuni, na viatu vyeusi husubiri mkobani, hivi kwamba matini rasmi huwasili ikiwa na jalada lake, nalo huvuliwa mlangoni. Udongo mwekundu wa Ukambani nao una kauli katika uteuzi wa rangi. Nyeusi na buluu iliyoiva, ambazo vitabu vya mitindo huzipendekeza kwa kila mtu, huonyesha kila chembe ya vumbi la kiangazi. Kahawia na kijivu cha wastani hulimeza. Kwangu mimi, sketi ya kahawia huko Wote ni uamuzi wa kiufundi, na anayeiona kuwa ya kishamba hajasafiri na karani wetu.

Katika blauzi tatu ndimo mrudio unamofanyiwa kazi. Zikioana zote na sketi mbili na suruali moja, hutoa miungano tisa. Koti likivaliwa au kuachwa, kumi na minane. Hesabu hiyo inadanganya kidogo, kwa sababu wenzake wa ofisini hawahesabu miungano, wanakumbuka vipande. Blauzi ya maua makubwa hukumbukwa tangu Jumatatu, na ikirudi Alhamisi kila mtu anajua. Nyeupe hurudi bila kushtakiwa. Weupe wa aina hii nauita usahaulifu wa makusudi, na ni ustadi adimu.

Wanaume wana njia ya mkato, suti ya Kaunda, ambayo koti lake lina kola yake na halidai tai. Novemba 2023 Spika Moses Wetang'ula aliipiga marufuku bungeni. Anayekumbuka malumbano yaliyoizunguka diwani ya mashairi huru ya Euphrase Kezilahabi, *Kichomi* (1974), ataitambua hoja: palipokosekana vina na mizani, au tai, wapo wanaokana kwamba kilicho mbele yao ni utungo.

Nirudi kwa koti, maana lina matumizi mengine ambayo kila Mkenya anayajua: huachwa mgongoni mwa kiti, likaripoti kazini kwa niaba ya mwenyewe aliyetoka. Hapo bega lile lililochaguliwa kwa makini linajaza umbo la mtu asiyekuwepo. Koti lililolegea begani haliwezi kusema uongo huo vizuri.

Limebaki gauni la kitenge, kipande pekee ambacho fundi alikitunga tangu mkato wa kwanza, kwa vipimo vya mwili huu huu. Ijumaa husifiwa kuliko vyote, na sifa hizo ni halali kwa fundi. Hata hivyo, kwa umbo, naliweka chini ya sketi ya kahawia: gauni linajitosheleza, halipatani na blauzi yoyote wala halilidai koti, na siku nne zilizosalia halimsaidii karani hata kidogo.