Jinsi 4,294,967,297 Ilivyopatikana na Vigawo

Pierre de Fermat, mwanasheria wa Toulouse, alizipenda namba za umbo moja: 2 hupandishwa kwenye kipeo cha 1, 2, 4, 8 au 16, kisha huongezwa 1. Hupatikana 3, 5, 17, 257 na 65,537, zote namba tasa. Mwaka 1640 aliwaandikia wenzake kwamba anaamini mfuatano huo hutoa tasa daima, ingawa uthibitisho hakuwa nao. Inayofuata, ya kipeo cha 32, ni 4,294,967,297.

Desemba 1729 Christian Goldbach alimwuliza Leonhard Euler kuhusu dai hilo. Mwaka 1732, mjini St. Petersburg, Euler akatoa jibu: 641 × 6,700,417.

Dai likaanguka.

Njia ya kawaida ni kujaribu kila namba tasa hadi kipeuo cha pili, na chini ya 65,536 zipo tasa 6,542. Anayezifuata kwa mpangilio huikuta 641 katika nafasi ya 116, baada ya kugawa kwa mkono namba ya tarakimu kumi mara 115 bila mafanikio. Uzuri wa kazi ya Euler uko hapa: baadaye alithibitisha kwamba kigawo chochote tasa cha namba hii, kikipunguzwa 1, lazima kigawanyike kwa 64. Orodha ndefu inabaki na 193, 257, 449, 577 na 641. Jaribio la tano linatosha.

Mwaka 1878 Mfaransa Édouard Lucas aliibana zaidi kanuni hiyo: badala ya 64, iwe 128. Zinasalia 257 na 641. Nayo 257 inaondolewa bila kugawa, kwa kuwa 3 × 5 × 17 × 257 × 65,537 ni 4,294,967,295, pungufu kwa 2 tu. Hivyo kugawa kwa 257 kutabakiza 2. Mtu anayezijua sifa hizi huanza na 641 moja kwa moja.

Hata kuihakiki 641 hakuhitaji kugawa kirefu. Namba hiyo ni 5 × 128 + 1, na pia ni 625 + 16. Kwa hiyo 5 × 128 ikigawanywa kwa 641, baki lake ni −1. Kwenye kipeo cha nne, baki linakuwa 1. Kipeo cha nne cha 5 ni 625, ambayo kwa kugawa huku ni sawa na −16. Kipeo cha nne cha 128 ni 2²⁸, na 16 × 2²⁸ ni 2³². Basi −2³² inabakiza 1, na 2³² + 1 haibakizi kitu.

Kanuni ya Lucas ingali inaongoza kompyuta zinazosaka vigawo vya namba kubwa zaidi za Fermat. Baada ya 65,537, haijapatikana tasa nyingine hata moja katika mfuatano huo.