Sifa ya Mkono Unaokata

Wengi husifu asumini. Wachache humkumbuka aliyeilea. Harufu ikivuka ukuta jioni, mpita njia huvuta pumzi na kulisifu ua, naye mwenye mikasi na ndoo ya maji hatajwi. Nami sifa zangu leo nampa yeye.

Mwasumini wa mwambao wetu, ambao wataalamu wa mimea huuita Jasminum sambac, asili yake ni Asia ya Kusini, nao ni wa ukoo mmoja na mzeituni. Ulivuka Bahari ya Hindi ukapata kwao kupya Lamu, Mombasa na Unguja. Huku maua yake hufungwa pamoja na mrehani na mkadi yakawa kikuba cha kuchomekwa kifuani au nyweleni, na kitanda cha bi harusi hunyunyiziwa asumini. Lakini bustanini mti huu ni nadra kuzaa mbegu. Ulienea kwa vipandikizi vilivyopita mkono kwa mkono: mtu alikata tawi lake, akampa mwenziwe.

Kukata huko kuna ujuzi wake. Kipandikizi kizuri hutoka kwenye tawi lililokomaa nusu: si changa la kijani kibichi, wala si gumu lililokwisha kuwa kuni. Urefu wa sentimita 10 hadi 15 hutosha. Mkato hupita chini kidogo ya kifundo, majani ya chini huondolewa, kisha kijiti huchomekwa kwenye mchanga uliochanganywa na mboji, kivulini. Mwanzo wa masika ndio wakati wake, kwa kuwa hewa yenye unyevu hukizuia kunyauka kabla hakijatoa mizizi.

Kikishashika, kihamishie penye jua la muda wa saa sita hivi kwa siku na udongo usiotuamisha maji. Pwani tuna udongo wa mawe ya matumbawe wenye chokaa nyingi, na chokaa huzuia mmea kufyonza madini ya chuma. Ukiona majani machanga yanageuka manjano huku mishipa yake imebaki kijani, jua kuwa mti unalalamika. Samadi iliyooza vizuri na mboji huusaidia. Ila usizidishe mbolea yenye naitrojeni nyingi, kwani itakuletea majani tele na maua haba. Maji yamwagwe mpaka yafike mizizini, kisha uso wa udongo uachwe ukauke kidogo. Pindua majani mara kwa mara utazame chini yake. Vidukari hupenda kujificha huko, na ukiwawahi, maji yenye sabuni kidogo huwatosha.

Yote hayo mtu anaweza kuelekezwa na akayashika. Kupogoa kunataka moyo. Asumini huchanua kwenye machipukizi mapya. Tawi lililoachwa lizeeke hurefuka bure. Kwa hiyo mkupuo mmoja wa maua ukiisha, mtunzaji hupunguza kama theluthi ya kila tawi lililochanua, akikata juu kidogo ya jozi ya majani yenye afya. Matawi makavu na yanayosuguana katikati huyatoa yote, hewa ipite. Mgeni akiupita mti ule kesho yake atauhurumia. Mtunzaji hana wasiwasi, maana anajua kila mkato utatoa machipukizi, na ncha za machipukizi ndizo zitakazobeba vitumba.

Kuchuma nako kuna saa yake. Vitumba vilivyonenepa na kuwa vyeupe huchumwa jioni kabla havijafunguka, maana asumini hufunguka usiku, na ua likiisha kukaa huanza kugeuka rangi ya waridi. Anayeliacha mtini kwa kulionea uchungu hulipoteza. Anayelichuma hupata la kutunga, la kuvaa na la kumpa mtu.

Ndiyo maana naihesabu kazi hii kuwa miongoni mwa sanaa za ukarimu. Mti huu huota kwa kukatwa, huchanua kwa kukatwa, na ua lake hufaa likichumwa. Basi msomaji, kama una mwasumini uani, usiuache uzeeke nawe unautazama tu. Masika yakianza, kata tawi, lifunge kwa kitambaa kilicholowa, umpelekee jirani asiye nao. Kisha umfundishe na yeye kukata.