Ufundi wa Kuhesabu Siku za Nyasi

Mfugaji hodari husifiwa kwa mambo yanayoonekana: beberu mwenye kifua kipana, kondoo wanaozaa mapacha, zizi kavu lisilonuka. Ni nadra kusikia mtu akisifiwa kwa kipande cha malisho alichokiacha bila mnyama. Lakini katika shamba dogo lenye mbuzi na kondoo, kazi kubwa hufanyika hapo hapo ambapo hakuna kinacholisha. Anayekata malisho yake vipande na kuhamisha wanyama kwa zamu huonekana kama anagawa ardhi, ilhali anachogawa hasa ni siku. Anaamua wanyama wakae hapa siku ngapi na warudi baada ya siku ngapi, na kwa maamuzi hayo mawili mvua hugeuka nyama na maziwa, au hupotea bure. Nadai kwamba huo ni ufundi kamili, wenye elimu na nidhamu yake kama ulivyo useremala, na kwamba tumeupa heshima ndogo mno.

Jani likishakatwa na meno, nyasi haina budi kuota upya kwa kutegemea majani yaliyosalia na akiba iliyowekwa kwenye shina na mizizi. Baada ya siku chache hutokeza chipukizi laini, na hilo ndilo kondoo analolitafuta, kwa kuwa mdomo wake mwembamba hukata karibu kabisa na udongo. Nyasi iking'atwa mara ya pili kabla haijarudisha akiba yake, mizizi hufupika. Ikitendewa hivyo msimu mzima hudhoofika, na magugu yasiyoliwa huchukua nafasi. Ndiyo maana wanyama wachache waliokaa muda mrefu wanaweza kuharibu malisho zaidi kuliko kundi kubwa lililopita na kuondoka. Mfaransa André Voisin, msomi wa kemia aliyekuwa pia mfugaji, alilishikilia jambo hili katika kitabu chake cha mwaka 1957 juu ya uzalishaji wa nyasi: mnyama aondoke kabla ya kuuma chipukizi la jani alilolikata mwenyewe, na asirudi mpaka nyasi ipone. Kupona huko hakuna tarehe moja. Wakati wa masika wiki nne zaweza kutosha. Kiangazi kikikaza, hata miezi mitatu ni michache.

Wasukuma walikuwa wakiifanya hesabu hiyo bila kumsoma Voisin. Ngitili yao, yaani malisho ya akiba, hufungwa mvua zinapoanza, nyasi zikaachwa zikue hadi zikomae, kisha hufunguliwa kipande baada ya kipande kiangazi kinapouma, kwa kutanguliza ndama, wagonjwa na maksai wa kulimia. Historia ya mkoa wa Shinyanga, kwao Wasukuma, inaonyesha gharama ya kuudharau ufundi huu. Misitu ilifyekwa enzi za ukoloni ili kuangamiza mbung'o, mashamba ya pamba yakapanuka, na watu walipohamishiwa vijijini katika miaka ya 1970 ngitili nyingi zilibaki bila mwenyewe. Ilipofika mwaka 1984, Mwalimu Nyerere aliutaja mkoa huo kuwa jangwa la Tanzania. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulipoanza mwaka 1986 ngitili zilizohesabiwa zilikuwa kama hekta 600 tu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuwa zimepita hekta 300,000. Sehemu kubwa ya urejeo huo ilitokana na kufunga na kusubiri, huku walinzi wa jadi wa sungusungu na mikutano ya jamii iitwayo dagashida wakilinda mipaka na kutoza faini.

Hata hivyo, kwa mwenye mbuzi na kondoo, kuhesabu siku za nyasi peke yake hakutoshi, kwani kuna kiumbe mwingine mwenye siku zake. Mnyoo uitwao kitaalamu Haemonchus contortus huishi katika tumbo la nne na kunyonya damu. Jike mmoja hutaga maelfu ya mayai kwa siku, yakatoka na kinyesi, na penye joto na unyevu lava walio tayari kuambukiza hupatikana ndani ya wiki moja hivi. Hupanda majani yenye umande, wengi wakibaki sentimita chache tu juu ya ardhi, mahali pale pale kondoo mwenye njaa anapokata. Mnyama huishiwa damu, huvimba chini ya taya, hufa. Hapo mfugaji mwenye kuhesabu anaona nafasi yake: akiwahamisha wanyama kabla ya siku ya tano, huwaepusha na lava wengi wa kinyesi chao wenyewe, akichelewa kurudi, huwakuta lava wamekwisha kufa, maana katika nchi za joto huchakaa upesi. Watafiti walijaribu jambo hili visiwani Tonga na kutoa matokeo yao mwaka 1994. Mbuzi walizungushwa katika vipande 10, siku tatu na nusu kila kimoja, na mara nyingi mayai ya minyoo katika kinyesi chao hayakufika nusu ya yale ya wenzao waliokaa mahali pamoja. Walihitaji pia dawa mara chache zaidi. Hilo ni jambo zito leo, kwa kuwa minyoo wengi wamezoea dawa za dukani.

Ugumu mzuri wa ufundi huu uko kwenye nyanda baridi, kama Lushoto au Nyandarua. Huko lava huishi muda mrefu zaidi, na nyasi hukomaa kabla hawajafa. Ukisubiri minyoo, nyasi inakuwa ngumu. Ukiwahi nyasi, unalisha minyoo. Mfugaji mwenye ng'ombe huwatanguliza, nao humeza lava ambao wengi wao hawawezi kuishi tumboni mwa ng'ombe. Asiye nao huikata nyasi awamu moja akaianika, au huwaachia mbuzi vichaka, kwa sababu mbuzi kwa asili hula kwa kuinua kichwa, na lava hawafiki huko juu. Kalenda ya kunakili haitasaidia hapa. Ni lazima mtu aangalie nyasi, mvua na ngozi ya ndani ya jicho la mnyama, iliyo nyekundu anapokuwa na damu na nyeupe anapoishiwa damu.

Wapo wenye shaka, na shaka yao ina msingi. Mwaka 2008 mtafiti David Briske na wenzake walipitia majaribio mengi ya nyanda za malisho, wakaona kwamba idadi ya wanyama ikiwa sawa, kuzungusha mara nyingi hakukushinda kulisha mfululizo kwa wingi wa nyasi wala uzito wa mifugo. Nayakubali matokeo hayo, na nayaona kuwa dawa dhidi ya wanaoahidi kwamba mzunguko utamruhusu mtu kuongeza kundi maradufu. Ardhi iliyozidiwa haiokolewi na uzio. Lakini majaribio hayo hayakuwa yakipima minyoo ya mbuzi katika ekari moja yenye unyevu, na mengi yalifuata ratiba ngumu, ilhali hapa tunasifu jicho la mfugaji. Pingamizi la pili ni la mkulima mwenye robo ekari asiye na fedha za senyenge. Huyo ana kamba na mambo, yaani kigingi. Mambo ikihamishwa kila asubuhi, mnyama akiwa na maji na kivuli, huo tayari ni mzunguko. Mambo iliyokaa pale pale wiki nzima ni kiwanda cha minyoo. Na anayefuga bandani, akikata matete mstari kwa mstari na kurudi baada ya wiki sita hadi nane, anafanya kazi ile ile kwa panga.

Kwa hiyo nawaomba maafisa ugani wasianze somo hili kwa bei ya uzio. Waanze na penseli na kalenda ya ukutani. Mwenye mbuzi watano aandike leo tarehe wanayotoka kwenye kila kipande, asiwarudishe kabla nyasi haijafika kiganja kimoja na nusu, na akague macho yao kila wiki mbili wakati wa mvua.