Fundi wa Vidahizo

Katika Kigiriki cha kale, alogon ni kisicho na akili. Katika Kigiriki cha leo, alogo ni farasi. Kati ya maana hizo mbili zimepita karne nyingi za askari, wachungaji na wachukuzi, na hakuna hata mmoja wao aliyekaa kitako akaamuru neno ligeuke. Kutafuta limegeukia wapi, na katika kinywa cha nani, ni kazi ya kuvua kwa mshipi: unakaa, unangoja, siku nyingine unarudi na chambo chako. Kwa subira hiyo namvulia kofia Emmanuel Kriaras.

Alizaliwa Piraeus mwaka 1906, akakulia visiwani, Milos na kisha Krete. Vyeo vyake havinishughulishi sana. Itoshe kwamba alijifunza ufundi wa kamusi kwa miaka ishirini katika Akademia ya Athens, na mwaka 1950 akapata uprofesa katika Chuo Kikuu cha Aristotle, Thessaloniki. Lililonivuta ni kazi aliyojitwika: kamusi ya Kigiriki cha watu wa kawaida kama kilivyoandikwa kuanzia 1100 hadi 1669. Mwaka huo wa mwisho una kisa chake. Ndipo mji wa Kandia, Krete, ulipoangukia mikononi mwa Waturuki baada ya kuzingirwa kwa miaka zaidi ya ishirini, na ushairi mkubwa wa kisiwa hicho ukakatika.

Maandishi ya namna hiyo ni msitu. Mnakili mmoja anaandika neno hivi, mwenzake vile, wa tatu amelisikia vibaya. Kuna maneno ya Kiveneti yaliyovaa viambishi vya Kigiriki. Msomaji wa tenzi za kale za Lamu na Pate anaijua adha hii. Fundi anasoma mstari kwa mstari, anaandika neno kwenye kikaratasi pamoja na mahali alipolikuta, kisha anakipanga na vyenzake. Vikaratasi vinapolundikana ndipo linapokuja swali gumu: je, hapa pana kidahizo kimoja, yaani neno moja la kuorodheshwa katika kamusi, chenye sura tano, au vidahizo viwili vinavyofanana? Akikosea hapo, kosa lake litanukuliwa na watu wasiomjua.

Na lugha yenyewe ilikuwa na maadui. Serikali na shule za Ugiriki zilishikilia katharevousa, Kigiriki kilichotakaswa ili kikaribie cha mababu. Dimotiki, lugha ya nyumbani na sokoni, ikaonekana ya ovyo. Kriaras alikuwa mtetezi wa dimotiki waziwazi. Wanajeshi walipotwaa madaraka mwaka 1967, wapenzi wakubwa wa katharevousa hao, haukupita mwaka mzima wakamfukuza chuoni. Alikuwa na miaka 61, umri ambao wengine tungejipatia kiti cha uvivu barazani. Yeye alibaki na vikaratasi vyake, na juzuu zikaanza kutoka udikteta ukiwa bado umekaa. Dimotiki ikawa lugha rasmi mwaka 1976. Juzuu ziliendelea.

Kufikia 1997 zilikuwa kumi na nne, naye alikuwa na miaka tisini. Hapo akaikabidhi kazi kwa Kituo cha Lugha ya Kigiriki, Thessaloniki, wengine waiendeleze. Alikufa mwaka 2014, akiwa na miaka 107.

Alfabeti haikumwonea huruma: miaka yote hiyo ilimfikisha kwenye herufi pi tu, na juzuu ya kumi na nne inaishia kwenye neno parathiki. Ni neno la zamani, limo katika nyaraka kwa Timotheo. Maana yake ni kitu alichowekewa mtu akitunze mpaka mwenyewe aje. Wafasiri wa Biblia ya Kiswahili walipolifikia waliandika amana.