Msaada wa Masomo Uliogeuka Deni

Wasomaji wetu wengi waijua shule ambayo kipindi cha hesabu kimeandikwa ukutani, lakini mwalimu wa kukifundisha hayupo. Huenda wakadhani kwamba nchi tajiri hazina shida hiyo. Sivyo. Marekani, pamoja na mali yake yote, imetafuta walimu wa hesabu na sayansi kwa miaka mingi, na upungufu huo umezielemea hasa shule za watoto wa maskini. Maana kijana aliyehitimu hesabu au kemia aweza kupata kazi nyingine yenye mshahara mkubwa kuliko wa mwalimu; na akikubali kufundisha, mara nyingi hupenda shule yenye maabara nzuri na utulivu.

Serikali ya nchi hiyo ilijaribu dawa mbili, nasi tumeona vema kuzipima, kwa kuwa misaada ya namna hii husifiwa sana na watu wasiosoma masharti yake.

Ya kwanza yaitwa kwa jina la Robert Noyce, mmoja wa wavumbuzi wa kile kidude kidogo cha umeme kilichomo ndani ya kila kompyuta na simu ya mkononi. Iliwekwa kwa sheria ya mwaka 2002. Mwanafunzi wa sayansi au hesabu hulipiwa masomo, si chini ya dola 10,000 kwa mwaka, naye kwa kila mwaka aliolipiwa hufundisha miaka miwili katika wilaya yenye uhitaji. Wilaya ya namna hiyo hutambulikanaje? Iwe na walau shule moja ambamo nusu ya watoto au zaidi wastahili chakula cha bure au cha bei nafuu. Au walimu zaidi ya 34 katika kila 100 wafundisha somo wasilosomea. Au walimu wengi mno wanaihama.

Tazameni maneno hayo, “walau shule moja.” Kijana aweza kuitimiza ahadi yake katika shule njema ya wilaya ile, na shule iliyoifanya wilaya ihesabiwe kuwa na uhitaji ikaendelea kungoja. Aliyeitunga kanuni hii alihesabu wilaya, hakuhesabu madarasa.

Dawa ya pili ndiyo iliyotuhuzunisha zaidi. Iliwekwa mwaka 2007, ikaitwa TEACH. Mwanafunzi alipewa hadi dola 4,000 kwa mwaka, naye akaahidi kufundisha somo lenye upungufu, kama hesabu au sayansi, kwa miaka minne katika shule ya watu wa kipato kidogo, ndani ya miaka minane tangu kumaliza masomo. Asipotimiza, msaada wote hugeuka mkopo, na riba yake huhesabiwa tangu siku alipopokea fedha. Hata hapo hatuna ugomvi. Ahadi ni ahadi.

Lakini kila mwaka mwalimu alipaswa kupeleka hati ya kushuhudia kwamba angali akifundisha. Hati ikichelewa siku chache, au ikikosa sahihi moja, msaada uligeuzwa deni, ijapokuwa mwalimu yu darasani, chaki mkononi, katika shule ile ile aliyoahidi. Wakaguzi wa serikali walitoa taarifa mwaka 2015, wakasema ya kuwa kufikia Juni 2014 watu zaidi ya 36,000, katika watu zaidi ya 112,000 waliopokea msaada huo, walikuwa wamekwisha kugeuziwa deni. Kweli, wako miongoni mwao walioiacha kazi. Lakini wakaguzi hao hao waliona watu 2,252 waliogeuziwa kwa makosa ya waandishi wenyewe. Mambo yalipotangazwa redioni mwaka 2018, ndipo wizara ilipoahidi kuwarudishia msaada walimu waliokuwa wakifundisha kweli. Na tangu Julai 2021 kanuni zimelegezwa, hati kuchelewa peke yake isimtie mtu deni.

Wako watakaosema kwamba mwalimu asiyeweza kupeleka karatasi kwa wakati hafai kufundisha hesabu. Ni neno la mtu asiyekaa darasani. Mwalimu mgeni mwenye watoto wengi na mitihani ya kusahihisha hukosa hata wakati wa kula. Tena, kwa nini yeye awe shahidi wa nafsi yake? Mkuu wa shule anayo daftari, na wilaya humlipa mshahara kila mwezi. Waliojua alipo walikuwa wengi, wala hawakuulizwa.

Jambo moja twalisifu. Mwaka 2007 mpango wa Noyce uliongezewa tawi kwa walimu wenye ujuzi wa siku nyingi, ili waongezewe mshahara kwa miaka mitano wakikaa katika wilaya hizo na kuwaongoza wenzao wachanga. Fedha hizo humfikia mtu aliyekwisha kusimama mbele ya watoto, naye hupewa sababu ya kukaa. Tungependa kuuliza tu, mwaka wa sita, nyongeza ile ikikoma na shule ingali ile ile, ni nani atakayemlipa?