Ulimi na Tundu

Baba hakuwa mtu wa kusimulia vita. Alikwenda mwaka 1978, akarudi mwaka uliofuata, na yote aliyoyaona kati ya Kyaka na Kampala aliyafungia kifuani. Isipokuwa daraja. Hilo alilisimulia tangu sijaanza shule, randa ikiwa mkononi, maranda ya mninga yakimdondokea miguuni pale uani kwetu Tabora.

Mwanzoni mwa Novemba 1978 majeshi ya Idi Amin wa Uganda yaliliharibu daraja la Kyaka, Mto Kagera ukawa kizuizi. Ili magari na mizinga ivuke, wahandisi wa jeshi letu, JWTZ, waliweka daraja la Bailey, na baba alikuwamo. Fremu za chuma, alitueleza, kila moja urefu wa futi 10, inabebwa na wanaume sita. Zinaungwa kwa pini, hakuna kuchomelea, na sakafu yake ni mbao. "Fremu yoyote inakubali popote," alisema. Halafu anauinua mguu wa kiti anachokichonga. "Huu una mahali pamoja tu."

Anayenunua kiti hutazama vanishi. Kazi yenyewe imo ndani, pasipoonekana, pale ulimi wa ubao mmoja unapoingia katika tundu la mwenzake. Baba alianza na tundu, kwa patasi, taratibu, huku akipuliza vumbi. Kisha ulimi: anapunguza kidogo, anajaribu, anautoa, anapunguza tena. Ukiingia kwa kusukumwa na kidole, umelegea. Ukitaka kupigwa kwa nguvu, utapasua ubao. Aliutaka uingie kwa mapigo machache ya nyundo ya mti, na alijua umefika kwa kusikiliza, kwa sababu mlio hubadilika, unakuwa mzito na mfupi. Hapo alitabasamu. Nimefanya kazi hii miaka mingi sasa na bado naungoja mlio ule kama mtoto.

Mninga aliupenda kuliko mbao zote, maana ukishakauka hautanuki wala kusinyaa ovyo, mvua inyeshe isinyeshe. Lakini mti wenyewe ukikatwa hutoa utomvu mwekundu kama damu, na baba hakuwahi kufuatana nasi porini kuuona ukiangushwa. Alizipokea mbao uani, akazipanga na vijiti katikati ili hewa ipite, akaziacha miezi. Wateja walinung'unika. Aliwaambia waende kwa fundi mwingine, na wengi walirudi.

Nilipokuwa na miaka kumi na miwili nilitengeneza kigoda. Kiungo kimoja kilipwaya, nikajaza gundi na unga wa mbao, nikapiga msasa mpaka pakalainika. Baba alipitisha dole gumba, macho ameyafumba, akasimama papo hapo. Akakivunja kwa mikono, akaniwekea vipande mapajani. "Umeziba. Hujaunga." Nililia mpaka usiku. Asubuhi nilikuta amenipangia mbao mpya juu ya meza yake, patasi yake nzuri pembeni, ile ambayo hakuna aliyeruhusiwa kuigusa.

Tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, hakukata mbao. Alikaa kwenye kivuli cha mwembe akinoa vifaa, kimoja kimoja, mpaka jua linazama. Sisi watoto tulicheza mbali kidogo, na mama hakumwita kula.

Baada ya arobaini ya baba nilikifungua kiti chake cha zamani, maana sakafu ya kukalia ilikuwa imechakaa. Miguu ilitoka kwa shida. Kwenye kila ulimi kulikuwa na namba kwa penseli, na ndani ya kila tundu namba ileile, mwandiko wake uliolala kulia, haujafifia. Nikabadilisha sakafu. Nikarudisha moja kwa moja, mbili kwa mbili, tatu kwa tatu. Mguu wa nne nilipiga mara tatu, nikausikia umefika.